Nguvu ya Mtawala Iko Mikononi mwa Nani?

Mwezi Aprili 2019 ulipoanza, Omar al-Bashir alikuwa anakaribia kutimiza miaka 30 akiitawala Sudan. Chini yake kulikuwa na jeshi, polisi, idara ya usalama iliyoogopwa nchi nzima, na wanamgambo wa RSF waliokuwa wamekomaa katika vita vya Darfur. Jumamosi ya tarehe 6, umati wa watu wasio na silaha ulitembea hadi makao makuu ya jeshi jijini Khartoum, ukapiga kambi hapo nje na kugoma kuondoka. Alhamisi ya tarehe 11, jeshi lilitangaza kwamba Bashir ameondolewa madarakani na yuko kizuizini.

Kati ya Jumamosi ile na Alhamisi ile, bunduki za Sudan hazikupungua. Hakuna jeshi la kigeni lililovamia, wala waasi hawakuuteka mji mkuu. Silaha zilikuwa zile zile na askari walikuwa wale wale, ila aliyekuwa akiwaamuru hakuwa tena na amri juu yao. Kama nguvu ya kutawala ni bunduki, basi nguvu hiyo ilikwenda wapi ndani ya siku tano?

Swali hilo lina majibu ya kisayansi. Kwa zaidi ya miaka 50 wataalamu wa sayansi ya siasa, uchumi na sosholojia wamekuwa wakilichunguza kwa hesabu, takwimu na hata majaribio. Tulifuate hatua kwa hatua, tukianzia chini kabisa.

Mtawala ana mikono miwili

Mtawala yeyote, awe mpole au katili, ana mikono miwili, macho mawili na saa 24 kwa siku kama mtu mwingine. Hawezi yeye mwenyewe kukusanya ushuru bandarini, kuendesha treni, kuwasha mitambo ya umeme, kusoma taarifa ya habari, kuhukumu kesi na kulinda lango la ikulu. Kila amri yake hupitia kwa mtu mwingine: karani, hakimu, fundi, mhasibu, koplo. Mtu huyo akitekeleza, amri inakuwa nguvu. Asipotekeleza, inabaki kuwa maneno.

Mfaransa Étienne de La Boétie aliliandika wazo hili tangu karne ya 16: watawaliwa ndio wanaompa mtawala nguvu zake kwa kumtii. Mwaka 1973 Mmarekani Gene Sharp alilijenga wazo hilo kuwa nadharia kamili. Kwa Sharp, utawala husimama juu ya nguzo, yaani makundi ya watu ambao utiifu wao unauweka hai: vyombo vya dola, watumishi wa umma, wafanyabiashara, viongozi wa dini, vyombo vya habari. Aliorodhesha mbinu 198 za kuzitikisa nguzo hizo bila silaha, na maandamano ni moja tu kati yake.

Tupige hesabu ndogo. Tuchukue nchi ya kubuni yenye watu milioni 40 na askari 200,000 wa kila aina. Kila askari mmoja ana watu 200 wa kuwadhibiti. Askari nao hulala, kwa hiyo wakigawanywa katika zamu tatu, kila aliye kazini ana watu 600. Hakuna dola inayoweza kumlazimisha kila mtu kwa mtutu kwa wakati mmoja. Nguvu za dola hutosha kuwaadhibu wachache wanaoasi, kwa sharti kwamba wengine wote wanaendelea kutii wenyewe.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Ni ushauri wa busara kwa mtu aliye peke yake njiani. Hesabu hii inauliza jambo jingine: itakuwaje siku watu 600 wakikataa kupisha kwa pamoja?

Kwa nini basi watu hutii?

Kama umma una nguvu kiasi hicho, mbona tawala za mabavu hudumu miongo? Jibu fupi ni kwamba hakuna anayetaka kuwa wa kwanza. Anayetoka peke yake hupigwa, hufungwa au huuawa. Anayetoka akiwa mmoja wa watu laki moja yuko salama zaidi, kwa kuwa hatari inagawanyika. Hali hii tunaiona hata kwenye muziki wa harusi: uwanja hukaa mtupu nusu saa nzima, si kwa sababu watu hawataki kucheza, ila kila mmoja anasubiri mwenzake atangulie.

Mwaka 1978 mwanasosholojia Mark Granovetter aliieleza hali hiyo kwa hesabu. Fikiria watu 100, kila mmoja na kizingiti chake, yaani idadi ya watu anaotaka kuwaona wametoka kabla na yeye hajatoka. Wa kwanza ana kizingiti cha sifuri: atatoka hata akiwa peke yake. Wa pili anahitaji kumwona mmoja, wa tatu wawili, wa nne watatu, hadi wa mwisho anayehitaji kuwaona 99. Wa kwanza akitoka, wa pili anamfuata, kisha wa tatu, na wote 100 wanaishia barabarani.

Sasa badilisha mtu mmoja tu. Yule mwenye kizingiti cha mmoja mpe kizingiti cha wawili. Wa kwanza anatoka, anatazama huku na huku, na hakuna anayemfuata, kwa sababu kila aliyebaki anahitaji kuwaona angalau wawili. Maandamano yanakuwa ya mtu mmoja, naye atalala mahabusu. Makundi haya mawili yanalingana karibu kwa kila kitu, hasira ni ile ile na shida ni zile zile, ila moja limezaa umati na jingine limezaa mfungwa.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini maasi ya umma huwashtua hata majasusi. Mwanauchumi Timur Kuran aliongeza kwamba katika utawala wa mabavu watu huficha mawazo yao. Mtu hupiga makofi mkutanoni na kulaani chumbani. Kila mmoja akiwatazama wenzake wanaopiga makofi, anadhani yeye ndiye pekee asiyeridhika. Kwa hiyo hakuna anayevijua vizingiti halisi vya jamii, si serikali, si wapinzani.

Umati ni habari

Ukifahamu hilo, unafahamu pia kazi ya kwanza ya maandamano: kuwafahamisha watu wapo wangapi. Mfano unaotajwa sana ni mji wa Leipzig, uliokuwa Ujerumani Mashariki. Mwaka 1989 watu walikuwa wakikusanyika kila Jumatatu katika kanisa la Nikolai kwa sala, kisha wakatembea barabarani. Mwishoni mwa Septemba walikuwa elfu chache. Tarehe 9 Oktoba, huku uvumi wa umwagaji damu ukiwa umeenea, walitokea yapata 70,000. Vikosi vilivyokuwa vimepangwa havikufyatua risasi. Wiki iliyofuata walikuwa yapata 120,000. Tarehe 18 Oktoba kiongozi wa nchi, Erich Honecker, aling'oka, na tarehe 9 Novemba ukuta wa Berlin ukafunguliwa.

Kila Jumatatu ilikuwa kama sensa. Mtu aliyekaa nyumbani juzi alihesabu, akaona idadi imekipita kizingiti chake, na Jumatatu iliyofuata akatoka. Ndiyo maana watawala wengi huanza kwa kupigania idadi: wanasema walikuwa wahuni wachache, wanazuia kamera, wanazima intaneti. Sudan ilizimiwa intaneti kuanzia tarehe 3 Juni 2019 kwa zaidi ya mwezi mmoja.

Hata hivyo, wingi hauvuti kila mtu. Mwaka 2016 watafiti huko Hong Kong waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu kimoja kama wangeshiriki maandamano ya kila mwaka ya tarehe 1 Julai, kisha wakawaambia baadhi yao idadi halisi ya wenzao waliopanga kwenda. Wanafunzi walioambiwa kwamba watakaokwenda ni wengi kuliko walivyodhani walipunguza ushiriki wao, kana kwamba kila mmoja alijiambia: wapo wa kutosha, nami nitaongeza nini? Umati huvuta watu pale hatari inapokuwa kubwa na wingi unapokuwa kinga. Pasipo na hatari kubwa, wingi unaweza kuzaa uvivu.

Hesabu ya askari

Tumefika kwenye kiini cha somo. Umati haubebi silaha, na mwisho wa barabara kuna mwenye silaha. Nini kinaamua atakachofanya?

Askari naye ana kizingiti. Ana njia tatu: kutii na kufyatua, kujifanya hakusikia, au kuvuka upande. Kabla ya kuamua anawatazama askari wenzake, na anautazama umati. Akiwaona wanaume vijana wamebeba mapanga na bunduki, hofu ya kufa inamwamulia, na atamtii ofisa wake. Akiona akina mama, wazee, wahubiri, wanafunzi wa sekondari, pengine na binamu yake humo ndani, hesabu inakuwa ngumu. Kwa sababu hiyo kutobeba silaha, mbali na kuwa suala la maadili, kuna faida ya kimkakati. Kunamnyima askari sababu ya kufyatua, na kunafungua mlango kwa watu ambao hawangeweza kamwe kwenda msituni na bunduki. Huko Khartoum wanawake walikuwa mstari wa mbele tangu mwanzo hadi mwisho.

Ofisa naye anapiga hesabu yake. Amri ya kuua ikitolewa na kukaidiwa hadharani, aliyeitoa amekwisha. Nchini Ufilipino, mwezi Februari 1986, Kardinali Jaime Sin aliwaita wananchi kupitia Redio Veritas wakawakinge wanajeshi waliokuwa wamemuasi Rais Ferdinand Marcos. Vifaru vilivyotumwa kuwakabili vilikuta barabara ya EDSA imejaa watu wanaosali, watawa wakiwa wamepiga magoti mbele ya minyororo ya vifaru. Makamanda hawakuwa tayari kuwakanyaga. Tarehe 25 Februari Marcos alikimbia nchi.

Khartoum ilikwenda hivyo hivyo. Maofisa wa usalama walipojaribu kuivunja kambi ya waandamanaji usiku wa kuamkia tarehe 8 na 9 Aprili, baadhi ya askari wa ngazi za chini waliwafungulia watu malango na kuwakinga kwa risasi. Tangu wakati huo majenerali walibaki na njia mbili tu: kumtoa Bashir au kupigana na askari wao wenyewe.

Takwimu zinasema nini

Mifano peke yake inaweza kupotosha, kwa kuwa kila mtu huchagua inayompendeza. Mwaka 2011 watafiti Erica Chenoweth na Maria Stephan walichapisha matokeo ya utafiti wa harakati 323 za kuanzia mwaka 1900 hadi 2006. Hazikuwa harakati za kudai nyongeza ya mishahara. Kila moja ilikuwa na lengo kubwa, ama kuiangusha serikali, kumfukuza mkoloni au kujitenga, na ilishirikisha watu wasiopungua 1,000. Zilizotegemea silaha zilifaulu kwa asilimia 26. Zilizotegemea mbinu za amani zilifaulu kwa asilimia 53, yaani mara mbili.

Neno "amani" hapa lina mipaka yake. Watafiti waliangalia mbinu kuu ya harakati, hawakudai kwamba hakuna jiwe lililorushwa. Hata Sudan, siku maandamano yalipolipuka mjini Atbara tarehe 19 Desemba 2018 baada ya bei ya mkate kupanda kutoka pauni moja hadi tatu, ofisi ya chama tawala ilichomwa moto.

Kutokana na takwimu hizo Chenoweth alitoa kauli iliyozunguka dunia nzima: harakati iliyofikisha asilimia 3.5 ya watu wote nchini katika kilele chake haikuwahi kushindwa. Kwa Kenya, iliyohesabu watu milioni 47.6 katika sensa ya 2019, hiyo ni takriban watu milioni 1.7. Kauli hiyo imegeuzwa kuwa kanuni, na hapo pana kosa. Inaeleza yaliyopita, haiahidi yajayo. Tena harakati inayoweza kutoa asilimia 3.5 barabarani ina wengine wengi nyumbani wanaoiunga mkono, kwa hiyo huenda idadi ni dalili ya ushindi na si chanzo chake. Bahrain ilivuka asilimia 6 mwaka 2011, kwa makadirio ya Chenoweth mwenyewe, na harakati ikavunjwa.

Msomaji makini ataweka pingamizi jingine: huenda watu huchagua amani pale serikali inapokuwa tayari dhaifu, na huchukua silaha pale inapokuwa na meno. Ikiwa ndivyo, amani haikuleta ushindi, ilifuata tu njia iliyokuwa nyepesi.

Mvua kama mtafiti

Daktari anayepima dawa huwapa baadhi ya wagonjwa dawa yenyewe na wengine kidonge kitupu, kwa bahati nasibu. Hatuwezi kugawa maandamano kwa bahati nasibu, lakini mvua inaweza. Tarehe 15 Aprili 2009 vuguvugu la Tea Party lilifanya mikutano ya kupinga kodi katika mamia ya sehemu nchini Marekani. Kwingine kulinyesha, kwingine hakukunyesha. Wanauchumi wanne walilinganisha maeneo yaliyokuwa na uwezekano sawa wa mvua, wakatenganisha yaliyonyeshewa na yasiyonyeshewa. Mvua haina chama, kwa hiyo tofauti yoyote iliyojitokeza baadaye ingetokana na ukubwa wa mikutano.

Palipokuwa pakavu watu walijitokeza kwa wingi zaidi, na katika uchaguzi wa 2010 chama cha Republican kilipata kura nyingi zaidi maeneo hayo. Wabunge wa maeneo hayo nao wakapiga kura bungeni kwa msimamo mkali zaidi wa kihafidhina. Mikutano ile ilikuwa imewakutanisha watu, wakajipanga na kuendelea na kazi mtaani.

Mtafiti Omar Wasow naye alichunguza miaka ya 1960 nchini Marekani. Kaunti zilizokuwa karibu na maandamano ya amani ya Wamarekani Weusi ziliegemea zaidi chama cha Democrat. Zilizokuwa karibu na ghasia, hasa zile za Aprili 1968 baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ziliegemea Republican. Yeye pia aliitumia mvua kupima athari za ghasia hizo. Kwa hiyo tuna ushahidi kwamba maandamano husababisha mabadiliko, na kwamba namna yanavyofanywa inaweza kuyageuza mabadiliko hayo yaende kinyume cha matakwa ya waandamanaji.

Yanaposhindwa

Nadharia ya nguzo ina faida moja kubwa: inaeleza pia kushindwa. Huko Bahrain, sehemu kubwa ya vyombo vya usalama ilikuwa na watu walioajiriwa kutoka nchi nyingine, wasio na ndugu katika umati. Tarehe 14 Machi 2011 majeshi ya nchi jirani za Ghuba yakiongozwa na Saudi Arabia yaliingia kuilinda serikali. Hesabu ya askari tuliyoieleza haikuwa na nafasi, kwa sababu askari na mwandamanaji hawakuwa watu wa nyumba moja.

Beijing, mwaka 1989, Jenerali Xu Qinxian alikataa kuliongoza jeshi lake dhidi ya wanafunzi walioandamana katika uwanja wa Tiananmen. Alivuliwa cheo na kufungwa, na jeshi lake likaingia mjini chini ya kamanda mwingine, pamoja na vikosi vingine, vikaua. Mtu mmoja kukataa hakutoshi kama wenzake hawamfuati. Kizingiti kipo hata kambini.

Mfano wa tatu ni wa nchi zenye demokrasia. Tarehe 15 Februari 2003 mamilioni ya watu waliandamana katika mamia ya miji duniani kupinga vita vya Iraq. Ilikuwa siku kubwa mno, lakini Jumatatu yake kila mtu alirudi kazini. Hakuna bandari iliyofungwa, wala bajeti iliyokwama. Mwezi uliofuata vita vilianza.

Hapo tunapata kipimo bora kuliko idadi ya watu: ni huduma gani imesimama? Utawala wa Shah wa Iran ulivumilia maandamano makubwa mwaka 1978, lakini wafanyakazi wa mafuta walipogoma mwishoni mwa mwaka, mshipa wa fedha ulikatika. Mjini Montgomery, Marekani, Weusi walisusia mabasi kwa siku 381 kuanzia tarehe 5 Desemba 1955. Wao ndio waliokuwa wengi kati ya abiria, na kampuni ya mabasi ilipata hasara kila siku huku kesi yao ikipanda hadi Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, iliyoupiga marufuku ubaguzi kwenye mabasi. Mtu anayesusia basi hakutani na kirungu, wala hahitaji kuwa kijana mwenye mbio.

Wasudan walilijua hilo. Tarehe 3 Juni 2019, waandamanaji wakiwa bado kambini wakiwadai majenerali wakabidhi madaraka kwa raia, wanamgambo waliivamia kambi ya Khartoum na kuua zaidi ya watu 100. Barabarani hapakuwa tena mahali pa kukaa. Umoja wa Wanataaluma ukaitisha uasi wa raia kuanzia tarehe 9 Juni: benki, masoko na ofisi zikafungwa, na mitaa ikawa mitupu. Kamati za mitaa zikapitisha ujumbe nyumba kwa nyumba bila intaneti, na tarehe 30 Juni malaki walijaa tena barabarani. Majenerali wakarudi mezani, na mwezi Agosti serikali ya pamoja ya wanajeshi na raia ikaanza kuundwa, Abdalla Hamdok akiwa waziri mkuu.

Mtu ameondoka, mfumo je?

Ingekuwa hadithi, tungeishia hapo. Lakini tarehe 25 Oktoba 2021 mkuu wa jeshi, Jenerali Abdel Fattah al-Burhan, aliipindua serikali hiyo, akishirikiana na kiongozi wa RSF, Mohamed Hamdan Dagalo. Tarehe 15 Aprili 2023 wawili hao waligeukiana, na vita vyao vimewang'oa makwao zaidi ya watu milioni 10.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1964 maandamano na mgomo wa kitaifa vilimwondoa Jenerali Ibrahim Abboud, na mwaka 1969 jeshi likarudi na Jaafar Nimeiri. Tarehe 6 Aprili 1985 umma ulimwondoa Nimeiri, na mwaka 1989 jeshi likarudi na Bashir. Tarehe ya 6 Aprili ilichaguliwa mwaka 2019 kwa kumbukumbu ya ushindi huo. Mara tatu Wasudan wamefanya jambo ambalo mataifa mengi hayajalifanya hata mara moja, na mara tatu jeshi limerudi.

Nadharia ya nguzo inatuonyesha sababu. Nguzo ya vyombo vya dola ilipomwacha Bashir, haikuuacha utawala. Jeshi na RSF walibaki na bunduki zao, kampuni zao na, kwa RSF, biashara ya dhahabu. Umma uliweza kuwashawishi wamwache mtu mmoja. Haukuwa na chombo cha kuwafanya wawe chini ya raia.

Linganisha na Kenya. Maandamano ya Saba Saba ya mwaka 1990, yaliyodai mfumo wa vyama vingi, yalikandamizwa na watu wakauawa, na Rais Daniel arap Moi hakung'oka. Lakini shinikizo liliendelea mitaani, makanisani na mahakamani, wafadhili wakasitisha misaada Novemba 1991, na mwezi uliofuata kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kikafutwa. Moi alishinda tena 1992 na 1997, akaondoka 2002 kwa mujibu wa katiba. Mwaka 2010 Kenya ikapata katiba mpya, ambayo ibara yake ya 37 inalinda haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Vijana waliopinga Muswada wa Fedha Juni 2024 waliisimamia ibara hiyo. Rais William Ruto alikataa kuutia saini muswada siku moja baada ya bunge kuvamiwa, ingawa makumi ya watu walikuwa wameuawa katika maandamano hayo, na ukatili wa polisi umebaki kuwa kidonda. Sudan ilimwondoa mtu, mfumo ukabaki. Kenya ilianza kuubadili mfumo mtu akiwa bado ikulu, na ilihitaji miaka 20.

Maswali manne

Tawala nazo zimejifunza. Mwaka 2020 Chenoweth alihesabu kwamba tangu mwaka 2010 kiwango cha mafanikio cha harakati za amani kilikuwa kimeshuka chini ya asilimia 34, ingawa zile za silaha zilikuwa zimeshuka chini zaidi, hadi karibu asilimia 8. Mojawapo ya sababu anazozitaja ni kwamba harakati za sasa zinategemea mno maandamano na kidogo mno migomo. Mitandao ya kijamii huleta umati kwa siku mbili, jambo ambalo zamani lilihitaji miezi ya vikao, lakini vikao hivyo ndivyo vilivyokuwa vikijenga uongozi, nidhamu na uwezo wa kujadiliana.

Kwa hiyo msomaji, ukisikia habari za maandamano popote duniani, usiishie kuuliza walikuwa wangapi. Uliza kwanza ni akina nani: ni kundi moja, au ni rika zote, dini zote na mikoa yote? Uliza ni kazi gani imesimama ambayo utawala hauwezi kuishi bila hiyo. Uliza kama walio ndani ya vyombo vya dola wana ndugu katika umati, na kama wameanza kusitasita. Mwisho uliza bunduki na hazina vitakuwa mikononi mwa nani siku baada ya ushindi, na sheria gani itawabana.

Majibu ya maswali matatu ya kwanza yatakuonyesha kama mtawala ataanguka. Jibu la swali la nne ndilo litakaloonyesha kama nchi itabadilika. Maandamano makubwa ya amani yanaweza kuleta mabadiliko ya kisiasa, na yamefaulu kwa kiwango kikubwa kuliko bunduki, lakini mabadiliko hayo hudumu pale tu umma unapokuwa umejipanga kabla ya siku ya kutoka na unapobaki umejipanga baada ya siku ya kushangilia.